Shoka Halikuuma

Mama hukaa chini, paja juu ya mpini,
makali ya shoka yakitazama juu,
huweka kokwa ya babasu penye makali, akaipiga kwa rungu,
tangu ana miaka tisa, kokwa kwa kokwa, kilo kwa kilo.
Siku ile kiini cheupe kilitoka chekundu.
Akageuka kuwatazama wenzake: nani kajikata?
Damu ilikuwa yake.
Kidole kilikuwa wazi hadi mfupani, na hakina habari.
Akakifunga kwa kitambaa, akamalizia kilo.

Baka lilikuwepo kitambo, nyuma ya kiwiko,
rangi ya chai iliyozidi maziwa.
Mwenye duka la dawa alisema fangasi. Tubu tatu za krimu, pesa taslimu.
Bibi Lindalva aliliombea kwa tawi la kivumbasi;
tawi likanyauka, akasema ubaya umehamia humo.
Hakudai kitu. Tulimwachia kuku.

Zahanati ipo. Dakika kumi kwa miguu,
kuta za bluu, feni, dawa bure.
Lakini mezani anakaa Cleonice,
na Cleonice hana kifua:
ukimpa neno asubuhi, adhuhuri linauzwa sokoni na limepanda bei.
Mficha maradhi, husemwa, kifo humuumbua.
Mama hakuyaficha maradhi.
Aliyapakia basi la saa nane usiku,
akayapeleka ng'ambo ya Parnaiba, jimbo la watu wengine,
na majirani tukawaambia: tunakwenda harusini.

Ili uongo usimame, alivaa viatu vya harusi.
Daktari Wanderleia alianzia hapo hapo, chini,
akamvua kiatu, akaona kisigino kimechubuka hadi kwenye nyama.
"Hukusikia?"
"Vilikuwa vipya," mama akajibu, kana kwamba hilo ni jibu.
Kisha chupa mbili za maji, na macho yafumbwe.
"Moto au baridi?"
Moto, akasema. Moto. Baridi? Moto.
Alibahatisha kama mtoto mbele ya ubao,
akiitegea sikio pumzi ya daktari ajue kama amepatia.

Daktari akautaja ugonjwa kwa jina lake jipya, jina la ofisini.
Mama akaomba la zamani.
"Ukoma, mama. Ule ule. Ila huu tunautibu."
Nikangoja alie. Akauliza,
"Na mafuta yangu, watayanunua?"

Vidonge vya kwanza alivimeza mbele yetu.
Mkojo ukawa mwekundu, ngozi ikaanza kuiva,
majirani wakauliza ni harusi gani ile ya kuchomwa jua.
Vidonge vya mwaka, harusi kumi na mbili.
Kufikia ya saba tulikuwa tumeishiwa ndugu wa kuoza;
tukamwoza mjomba Osvanir mara ya pili, na mkewe yu hai.
Ya nane hatukwenda. Nauli.
Mama akasema mwezi mmoja si kitu,
na vidole viwili vya mwisho vikaanza kujikunja,
kama vilivyoshika kitu ambacho sisi hatukioni.

"Na wewe binti," daktari alikuwa ameniambia,
"walalao nyumba moja hupimwa."
Safari ijayo, nilisema. Nilisema hivyo mara saba.

Leo nimetembea zile dakika kumi, mchana kweupe,
karatasi za Teresina mkononi, ya mama na yangu.
Cleonice amezisoma. Ameinuka, amefunga mlango.
Sijui neno letu litakaa siku ngapi nyuma ya mlango huo.
"Fumba macho, Jucilene. Ukiisikia pamba, sema hapa."
Nimefumba.
Nasikia feni. Nasikia mtu anakohoa nje, kwenye benchi.
Pamba, bado.